Wait inataka "for", discuss haitaki: jinsi ya kuvishika vile vineno vidogo vya Kiingereza

Kila wiki lazima mtu aniulize hili swali, kama sio kijana anayejiandaa na intavyuu ya hoteli basi ni jamaa wa Likoni anayetaka kazi ya meli, na swali ni lilelile: kaka, hii "wait" inataka "for" ama haitaki, na "discuss" je, na mbona "look" iko na maana mia? Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwa wasapu, ndio naandika hapa mara moja, atakayeuliza tena namtumia hii.

Mimi sio mwalimu wa grama. Nilikaa risepsheni miaka mingi, hoteli moja huku pwani ya kaskazini, na nilichojua nilijua kwa kuaibika na kwa kuona wenzangu wakiaibika. Siku moja mgeni, mama mzee Mwingereza, kaweka begi lake kaunta akamwambia mwenzangu "Could you look after my bag, please?" kisha akaenda zake msalani. Mwenzangu kasikia "look", kasikia "bag", moyo ukaruka, akajua begi limepotea. Yule mama kurudi akakuta askari wa geti ameitwa, wabeba mizigo wawili wako magotini wanapekua chini ya makochi, na begi lenyewe liko palepale juu ya kaunta linawatazama. "Look for" ni tafuta. "Look after" ni chunga. Tofauti ni kineno kimoja.

Kabla hujaanza, tafuta hivi

- Daftari la karatasi. Najua una simu, lakini kwa simu utapiga skrinshoti mia mbili na hutozisoma hata moja.
- Kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza ya wanafunzi, yenye sentensi za mifano. Za Cambridge, Longman na Oxford ziko bure kwenye intaneti. Ile programu ya kutafsiri neno kwa neno iweke kando kwanza, ndiyo inayotupoteza.
- Kiswahili chako. Sikutanii, utakiona kazi yake hatua ya kwanza.
- Dakika 15 kwa siku. Ukikosa siku usilipize kwa kukaa saa tatu Jumapili, haisaidii.

Usichohitaji ni ile orodha ya "phrasal verbs 500", yaani vitenzi vyenye vineno mkiani, watu wanayorushiana kwenye magrupu. Sijaona mtu hata mmoja aliyeimaliza.

Hatua ya 1: Jua shida inatoka wapi

Hii ndiyo nadharia yote nitakayokupa. Kiswahili kinameza kineno, kinakiweka ndani ya tumbo la kitenzi. Ukisema "nilimlipa dereva" halafu "nililipia mizigo", ile herufi iliyoongezeka kwenye lipia ndiyo "for" yenyewe: "I paid the driver", "I paid for the luggage". Hama na hamia vilevile, nilihama Tudor nikahamia Kisauni, "I moved from Tudor to Kisauni", "from" na "to" huzioni popote kwenye Kiswahili lakini zimo. Na ukitaka kujua silabi moja inaweza kumuua mtu, linganisha "alimkimbia mbwa" na "alimkimbilia mbwa". Wa kwanza "ran away from the dog", yuko salama. Wa pili "ran to the dog", huyo tumuombee, na hiyo ombea pia ina "for" tumboni, "pray for".

Sasa kuna vitenzi havionyeshi hata alama, kineno vimezaliwa nacho: ngoja, tafuta, omba, tegemea. Wewe unavuta kitenzi kutoka kwa Kiswahili unakipeleka kwa Kiingereza, kineno kinabaki nyuma kama mtoto aliyesahauliwa steji, unatoa "I am waiting you".

Upande wa pili tunavyo vya kwetu vidogo vinavyofanya kazi nyingi mno. Naenda kwa mamangu, naenda kwa basi, nakata kwa kisu, nakaa kwa siku tatu: hapo ni "to", "by", "with", "for". Halafu niko sokoni, naenda sokoni, natoka sokoni, ile -ni haibadiliki lakini Kiingereza kinadai "at", kinadai "to", kinadai "from". Kwa hivyo usiniulize tena "kwa" ni nini kwa Kiingereza, swali hilo halina jibu. Uliza: hiki kitenzi kinatembea na nani?

Hatua ya 2: Andika vile ambavyo sisi hula kineno

Ukurasa wa kwanza wa daftari. Andika sentensi nzima, tena sentensi ya maisha yako, usiandike "wait = ngoja" ukafunga.

- Ngoja: "I am waiting for the ferry."
- Sikiliza: "Listen to me." Redio pia, "listen to the radio".
- Omba kitu: "The guest asked for a towel." Ukisema "asked a towel" umeuliza taulo swali.
- Jibu meseji: "Please reply to my message." Hii "reply me" iko kila mahali, hata kwa watu wenye digrii.
- Eleza: "Explain it to me." Hakuna "explain me", haipo kabisa, ingawa "tell me" iko. Ndivyo walivyo.
- Bisha mlango: "Knock on the door." Mtu wa usafi wa vyumba hii aikariri kama jina lake.
- Shika simu: "I called but he didn't pick up." Sisi huku tunaishia "he didn't pick" na Wakenya wote tunaelewana, lakini mgeni atangoja umalizie, hakupick nini, maembe?
- Tegemea: "It depends on the tide."
- Omba kazi: unaomba kazi kwa "for", unaiomba kwa hoteli kwa "to". "I applied to the hotel for the job of waiter." Sentensi moja, vineno viwili, kila kimoja na mtu wake.

Onyo: usijaze vitenzi thelathini siku ya kwanza kwa sababu umechangamka. Vitano vinatosha, na kesho uvisome kwa sauti kabla ya kuongeza.

Hatua ya 3: Andika vile ambavyo sisi huongeza kineno bure

Hapa ndipo wasomi wanaanguka, na nikisema wasomi namaanisha watu wanaoandika ripoti za ofisi. "Discuss about", "request for", "emphasise on", "enter into the room", "order for chips". Zote hazitaki kineno. "We discussed the salary." "He requested a room." "She emphasised the time." "They entered the room." "I ordered chips."

Kwa nini tunakosea zote hizi pamoja? Nilikuja kugundua baadaye sana, na hakuna aliyeniambia shuleni: nomino yake inataka kineno, kitenzi hakitaki. Ni "a discussion about the salary", ni "a request for a room", ni "emphasis on time". Sikio limezoea kusikia nomino na kineno chake, ukigeukia kitenzi unakiburuta kineno kije nacho. "Lack" nayo vivyo hivyo, "a lack of water" lakini "we lack water". "Contact" pia, "I am in contact with him" lakini "I will contact him".

Kwa hivyo kwenye daftari gawa ukurasa kwa mstari katikati, kushoto kitenzi, kulia nomino, uandike sentensi mbili mbili. Ukifanya hivyo kwa maneno kumi tu utaanza kuyasikia makosa kwenye matangazo ya redio, na utakuwa mtu wa kuudhi nyumbani, zoea.

Kuna mengine hayana hata hicho kisingizio. "Cope up with" hakuna, ni "cope with". "Return back" ni kurudi mara mbili, "return" ishabeba "back" yake. "Marry with" hapana, "he married a girl from Lamu", na ukitaka kusema ameoa ama ameolewa ni "married to". Na ile ya "they resulted to stealing", kitenzi chenyewe sio hicho: kuishia kufanya jambo baya kwa kukosa njia ni "resort to". "Result" inatembea na "in", "the accident resulted in a long jam".

Hatua ya 4: Chukua kitenzi kimoja kwa wiki

Sasa tunaingia kwa vile ambavyo kineno kinabadilisha maana yote. Kitenzi kimoja, wiki nzima, usichanganye na kingine. Anza na "look" kwa sababu ndiyo inayosumbua watu wengi.

"Look at" tazama. "Look for" tafuta. "Look after" chunga, tunza. "Look into" chunguza, mgeni akilalamika kuhusu maji ya moto unamwambia "We will look into it". "Look like" fanana. "Look up" tafuta neno kwenye kamusi. "Look down on" dharau. "Look forward to" ngojea kwa hamu. "Look out!" ndiyo ile "chunga!" ya mtu wa mkokoteni akikujia kwa nyuma pale Marikiti.

Angalia vile Kiswahili kina neno zima jipya kwa karibu kila moja. Kiingereza kimefanya ubahili, kikachukua neno moja kikalibandika mikia. Ndio maana kukariri "look" peke yake ni kazi bure.

Wiki ya pili chukua "get" ya usafiri, kwa sababu hapa Mombasa utaitumia kila siku. Panda na shuka kwetu ni mbili tu, kwao ni jozi mbili. "Get on" na "get off" ni kwa basi, matatu, treni, ndege, ferry. "Get in" na "get out of" ni kwa gari ndogo, teksi na tuktuk. Njia ya kukumbuka: kama unaweza kusimama na kutembea ndani, ni "on". Kama unajikunja ukaingia ukakaa, ni "in". Matatu ile ndogo unajikunja pia, najua, lakini inahesabiwa na mabasi. Na bodaboda ni "on" sababu unakaa juu yake, pamoja na baiskeli na punda. Kwa konda wa ugenini sema "I want to get off here", usimwambie "I want to drop". "Drop" ni kuanguka. Anayeshushwa anasema "Drop me off here".

Na "fika", hii nayo imenitesa. "Reach" haina kineno: "we reached Mtwapa". "Arrive" ni "in" kwa mji ama nchi, "arrive in Mombasa", na "at" kwa sehemu kama steji, hoteli, stesheni, "arrive at the station". "Get" ni "to": "we got to Mtwapa at six". Lakini nyumbani yote yanavua viatu, "arrive home", "get home", hakuna kineno.

Hatua ya 5: Jua "it" inakaa wapi

Washa taa, "turn on the light" ama "turn the light on", zote sawa. Lakini ukiweka "it" mahali pa "the light", lazima ikae katikati: "turn it on". "Turn on it" hapana. Vivyo hivyo "pick me up at the gate", "fill it in", "take them off", "drop her off".

Lakini kuna vingine havikubali mtu kuingia katikati: "look after them", "wait for him", "listen to her", "get on it". Ukisema "look them after" umeharibu.

Utajuaje kiko kundi gani? Sikiliza mtu anavyokitamka. Mara nyingi kile kinachoruhusu katikati sauti inapanda kwenye kineno, turn OFF, pick UP. Kisichoruhusu sauti inabaki kwa kitenzi, WAIT for, LISTEN to. "Look after" ni mwizi, inapanda kwenye "after" na bado hairuhusu. Hiyo ishike kwa kichwa tu.

Hatua ya 6: Kikija kitenzi kingine nyuma ya kineno, kipe -ing

"Thank you for coming." "I apologise for being late." "I am interested in working at night." Fupi, rahisi, watu wanaiweza. Wanapoanguka ni kwenye "to", sababu kuna "to" mbili zinafanana sura. Barua ya kuomba kazi inaishia "I look forward to hear from you", nimeziona nyingi hazihesabiki. Hiyo "to" ni kineno, kwa hivyo "I look forward to hearing from you". Na uangalie hizi mbili: "I used to work at night" zamani nilikuwa nafanya kazi usiku, "I am used to working at night" nimezoea kazi ya usiku. Kwenye intavyuu ukizichanganya meneja ataelewa kwamba usiku uliuacha.

Hatua ya 7: Tunga kipande chako mwenyewe

Usikariri cha kwangu. Kama wewe ni mpishi tunga cha jikoni, kama ni dereva tunga cha barabarani. Huu ni mfano wa kijana anayetaka kutembeza wageni Fort Jesus, tulikitunga naye barazani tukinywa kahawa:

"The Portuguese started building the fort in 1593. It looks out over the sea. The Omanis took it over in 1698, after a long siege. In 1895 the British turned it into a prison. Please look after your phones, and watch out for the steps."

Sentensi tano na vineno vimejaa. Ona "took it over", "it" katikati, ndiyo hatua ya 5. Ona "turned into", geuza kitu kuwa kingine. Alikuwa ameandika "changed it to be a prison", ingeeleweka, lakini "turned it into" ndiyo mtu angesema. Kisome kwa sauti ukitembea, mara ishirini, watu wakikutazama watazame.

Ukikwama

*Nimesahau kineno katikati ya mazungumzo.* Tumia kitenzi kimoja kisichohitaji mkia. Umesahau "put off", sema "postpone". Umesahau "give back", sema "return". Itasikika rasmi kidogo, kama barua ya chifu, lakini haitakuwa kosa.

*Niliambiwa sentensi isimalizike na kineno.* Achana na hiyo. "Who are you waiting for?" ni Kiingereza safi, na "For whom are you waiting?" ukimwambia mtu steji atadhani unataka kumkamata.

*Mmarekani kasema "fill out the form", Mwingereza kasema "fill in the form".* Wote sawa. Shika moja. Kosa letu sisi ni kusema "fill the form" tu, na hilo hata mimi bado hunitoka.

*Tunasema "put off the lights" huku, ni kosa?* Utaeleweka, lakini "put off" watu wengi wanaisikia kama ahirisha. "Turn off" ama "switch off" haina utata.

*Wakizungumza sisikii kineno kabisa.* Kwa sababu wanaunganisha. "Get out of it" inatoka "getautovit", "pick it up" inatoka "pikitap". Tafuta video fupi, punguza spidi, sikiliza dakika moja tu mara tano, andika unachosikia, halafu washa maandishi ya chini ulinganishe.

*Kamusi inanipa maana kumi na mbili za "take off".* Soma mbili za juu tu. Vua nguo, na ndege kuruka. Zingine zitakufuata zenyewe ukizikuta kwenye sentensi.

*Nimejua zote kwa daftari lakini mdomoni zinapotea.* Basi hujazisema kwa sauti, umezisoma kwa macho. Rudi hatua ya 7.

Na ukikutana na kitenzi ambacho sijakitaja, niletee sentensi nzima uliyoisikia na uliisikia wapi. Ukinijia na "get ni nini?" peke yake sijibu, nitakuwa hapo mpaka Ramadhani.